Uzi maalumu: Kuhuisha leseni ya udereva Marekani kwa wenye viza za muda (F-1 ya wanafunzi, J-1 ya programu za kubadilishana, H-1B na L-1 za wafanyakazi, na wategemezi wao)

Usukani Mmoja (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Maswali ya leseni kwa wenye viza za muda Marekani yanaulizwa kila mara kwenye nyuzi za kazi, za masomo na za magari, na majibu yanatolewa nusunusu. Tuyakusanye hapa. Nazungumzia leseni ya kawaida ya gari dogo. Leseni za malori makubwa, CDL, kanuni zake kwa wageni zimeguswa sana tangu Septemba 2025, hizo zinastahili uzi wake.

Kwanza tuelewane leseni yako inafungwa na nini. Stika ya viza ni ruhusa ya kufika mpakani na kuomba kuingia, basi. Ukishaingia, muda wako wa kukaa unasomwa kwenye I-94, ile rekodi ya kielektroniki ambayo afisa wa mpakani anaifungua siku unapogongewa muhuri. Sheria ya REAL ID ya mwaka 2005, inayoweka viwango vya serikali kuu vya leseni na vitambulisho, inasema mgeni mwenye hadhi ya muda apewe leseni isiyovuka siku ya mwisho ya ruhusa yake ya kukaa, na kama ruhusa haina tarehe ya mwisho, isizidi mwaka mmoja. Ndiyo maana raia wa Texas anatoka dirishani na leseni ya miaka minane, wewe unatoka na ya miezi tisa, na wote mmelipa dola 33 zilezile.

Karani wa DMV, ofisi ya leseni ya jimbo (Texas ni DPS, majimbo mengine yana majina yake), haamui mwenyewe kama uko kihalali. Anaingiza namba zako kwenye SAVE, mfumo unaoendeshwa na idara ya uhamiaji, USCIS. Ukitambulika, jibu linarudi ndani ya sekunde. Usipotambulika, ombi linapandishwa hatua ya pili ambako mtu anapekua mafaili, na hapo hesabu siku kadhaa au wiki. Wengi wanaorudishwa ni kwa sababu karatasi waliyoshika na kilichomo kwenye mfumo havilingani.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika nyumbani kabla ya miadi. Ingia tovuti ya CBP, idara ya forodha na mipaka, i94.cbp.dhs.gov, chapisha I-94 ya kuingia kwako kwa mwisho, uisome neno kwa neno: majina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, aina ya viza, tarehe ya mwisho. Namba yenyewe ina nafasi 11. Zinazotolewa tangu 2019 zina tarakimu tisa, kisha herufi moja kwenye nafasi ya kumi, kisha tarakimu ya mwisho. Duara lolote ndani ya zile nafasi tisa za mwanzo ni sifuri, si herufi O. Karani akikosea hapo, SAVE haikupati hata kama kila kitu chako kiko sawa. Mwombe akusomee alichoandika.

Na usipoteze muda kujaribu kuhuisha mtandaoni. Kanuni inataka hadhi yako ithibitishwe upya kila leseni inapohuishwa, kwa hiyo majimbo mengi yanamtaka mwenye leseni ya muda afike mwenyewe na nyaraka mpya.

Karibuni, wenye kuongeza waongeze.

---

Bi Makaratasi

Ahsante mleta uzi. Niweke nyaraka.

Beba pasipoti hai, I-94 uliyochapisha, leseni inayoisha, na karatasi ya hadhi yako: I-20 kwa F-1, DS-2019 kwa J-1, barua ya idhini I-797 kwa H-1B na L-1, kadi ya kibali cha kazi kama unayo. Namba ya hifadhi ya jamii, SSN. Asiyestahili kuipata, mfano wategemezi wengi wa F-2, aende kwanza ofisi ya hifadhi ya jamii akaombe barua SSA-L676. Barua hiyo inaeleza kuwa ameomba na hastahili. Yapo majimbo yasiyoidai na yapo yasiyokuhudumia bila hiyo, kwa hiyo soma orodha ya jimbo lako.

Halafu vithibitisho viwili vya makazi vyenye jina lako na anwani ya mtaa unapolala. Sanduku la posta halikubaliki. Mkataba wa pango, bili ya umeme au maji, taarifa ya benki, barua ya bima ya gari. Hapa ndipo wanandoa wanakwama: mkataba, umeme na intaneti vyote viko kwa jina la mume, mke hana hata kimoja. Dawa yake ianze miezi miwili kabla: ongeza jina la wa pili kwenye mkataba wa pango na kwenye akaunti ya benki, taarifa mbili za mwezi zitoke na jina lake. Yapo majimbo yanayokubali cheti cha ndoa pamoja na vithibitisho vya mwenzi, lakini usilitegemee hilo bila kulisoma kwenye tovuti yao.

Beba karatasi zenyewe pamoja na vivuli vyake. Picha kwenye simu wengi hawaipokei.

---

Mkaa Foleni

Swali kwa mleta uzi. Kama stika ya viza imeshaisha muda lakini I-94 bado hai, leseni inahuishwa au haihuishwi?

---

Usukani Mmoja

Inahuishwa. Kukaa kwako kunafuata I-94. Viza iliyoisha ndani ya pasipoti haikufanyi uwe nje ya sheria.

---

Shangazi wa Dirishani

Mkuu uko sahihi kuhusu ukaaji, ila hapo kwenye leseni umepita haraka, na watu watarudishwa.

Ofisi nyingi zinatoa kadi za aina mbili. Ipo ya REAL ID, yenye nyota juu, inayokubalika kwa matumizi ya serikali kuu. Na ipo ya kawaida ambayo haina nyota. Kwa kadi ya REAL ID, kanuni ya serikali kuu, kifungu 37.11, ina orodha fupi ya nyaraka za utambulisho, na kwa mgeni wa muda inataja pasipoti hai yenye viza hai pamoja na I-94. Majimbo yamenakili maneno hayo kwenye orodha zao. Karani anayefuata orodha yake neno kwa neno ataiuliza viza yako, hasa kwa mtu aliyebadilisha hadhi akiwa ndani ya nchi, mfano kutoka F-1 kwenda H-1B, ambaye pasipoti yake ina viza ya zamani ya F-1 iliyokwisha.

Njia zipo tatu. Mwenye kadi ya kibali cha kazi, I-766, aitoe hiyo, imo kwenye orodha kama utambulisho unaojitegemea. Asiye nayo aulize jimbo lake linakubali nini, maana mengine yanapokea pasipoti na I-94 bila kuuliza viza. La tatu, na ndilo ningemshauri mtu asiyetaka usumbufu, chukua kadi ya kawaida isiyo na nyota.

Watu wanaogopa kuikosa nyota bila sababu. Tangu tarehe 7 Mei 2025 viwanja vya ndege vinadai REAL ID au utambulisho mwingine unaokubalika, na pasipoti ya nchi yako imo kwenye hiyo orodha. Mwenye viza hasafiri bila pasipoti hata hivyo. Nyota inakuongezea nini?

---

Usukani Mmoja

Nimekuelewa shangazi, hiyo nyongeza ni ya lazima. Wakuu someni jibu langu pamoja na lake.

---

Nahodha TX

Niseme kuhusu I-94 fupi, maana hili linaumiza watu wa H-1B na L-1 na wengi hawalijui hadi siku ya leseni.

Idhini ya mwajiri wako inaweza kuwa ya miaka mitatu, lakini pasipoti ikiwa inaisha mwaka ujao, afisa wa mpakani anaweza kukuandikia I-94 inayokomea siku pasipoti inapoisha. Hakuna anayekutangazia. Unaona tarehe ya kwenye I-797 unadhani uko salama hadi 2028, kumbe I-94 inasema 2027. DMV inapouliza SAVE, inayorudi ni ya I-94. Leseni fupi ni dalili tu. Tatizo lenyewe ni kwamba tarehe hiyo ikipita unakaa bila ruhusa.

Kwa hiyo kila unapoingia nchini, kabla hata ya kufungua begi, chapisha I-94 mpya uilinganishe na I-797. Ikiwa fupi kwa sababu ya pasipoti, pata pasipoti mpya kwanza, kisha ama utoke na kuingia tena ukiwa na pasipoti mpya na I-797, ama mwajiri apeleke ombi la kuongeza muda kabla tarehe haijafika. Ofisi za CBP zinazorekebisha I-94, zile za ukaguzi ulioahirishwa, zinashughulikia makosa: jina limekosewa, aina ya viza siyo, tarehe imeandikwa vibaya. Tarehe iliyokatwa na pasipoti hawaioni kuwa kosa mara zote, kwa hiyo usiwategemee.

Kuna upande wa pili. Mtu aliyeongezewa muda akiwa ndani ya nchi anapata I-797A yenye I-94 mpya sehemu ya chini ya karatasi. I-94 hiyo huwa haionekani kwenye tovuti ya CBP, maana imetolewa na USCIS. Ukichapisha ya tovuti utampa karani tarehe ya zamani. Mpe ile ya I-797A. Lakini ukisafiri baada ya kuipata, I-94 utakayopewa siku ya kurudi ndiyo inayotawala, hata kama ni fupi kuliko ile ya kwenye I-797A. Inayofuatwa ni ya mwisho kutolewa. Safari fupi ya Kanada au Meksiko isiyozidi siku 30 inaweza kuwa tofauti, maana mara nyingi unarudi na I-94 yako ileile. Hata hivyo kagua tovuti ukirudi.

---

Mwanafunzi wa Kudumu

Upande wa F-1 na J-1. I-94 yetu haina tarehe, imeandikwa D/S, yaani kwa muda wote hadhi inavyodumu. Hapo ofisi nyingi zinasoma tarehe ya mwisho ya programu kwenye I-20 au DS-2019, nyingine zinashika ule mwaka mmoja wa sheria.

Kinachotuangusha ni muda. Chuo kikiongeza programu yako, mabadiliko yanaingizwa kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni, na unapewa I-20 mpya siku hiyohiyo. Ukitoka hapo moja kwa moja kwenda DMV, SAVE inaweza kuwa bado inaona I-20 ya zamani. Ushauri wa serikali kwa wanafunzi ni kusubiri angalau siku mbili za kazi baada ya rekodi ya SEVIS kuguswa. Kwa aliyeingia nchini karibuni, asubiri siku 10 tangu kuingia na ahakikishe chuo kimeshamsajili na rekodi yake imesomeka hai. Kabla ya miadi mwandikie afisa wa wanafunzi wa kigeni umuulize swali moja: rekodi yangu ya SEVIS iko hai, na tarehe ya mwisho inasomekaje leo?

Anayemaliza masomo na kuomba OPT, ruhusa ya kufanya kazi kwa muda kwenye fani aliyosomea: I-20 yako ya sasa inaisha na programu, na leseni inaisha nayo. Ile nafasi ya siku 60 baada ya programu ni ya kujiandaa kuondoka, kuhama chuo au kubadilisha hadhi, na majimbo mengi hayaihesabu kwenye leseni. Usiende na I-20 inayoisha wiki tatu zijazo, utalipa ada kamili kwa wiki tatu. Subiri I-20 yenye pendekezo la OPT na kadi ya kibali, uende na vyote viwili.

Namba ya SEVIS, inayoanza na N ikifuatiwa na tarakimu kumi, iwe mkononi. Karani asipokupata kwa I-94 mwombe ajaribu kwa hiyo.

---

Mkaa Foleni

Na yule ambaye mwajiri amepeleka ombi la kuongeza H-1B kwa wakati, jibu halijatoka, I-94 imeshapita? Kisheria anaendelea kufanya kazi siku 240. Leseni je?

---

Shangazi wa Dirishani

Hapo majimbo yanatofautiana kuliko mahali pengine popote, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwenye uzi huu.

Zile siku 240 ni ruhusa ya kufanya kazi kwa mwajiri yuleyule. Hazimlazimishi DMV kukupa leseni. Yapo majimbo yanayoipokea I-797C, barua ya kupokelewa ombi, na kukupa leseni fupi. Yapo yanayosema leta idhini ndipo tuongee. Tafuta kwenye tovuti ya jimbo lako orodha ya nyaraka kwa H-1B uone kama I-797C imetajwa kwa jina. Ikitajwa, chapisha ukurasa huo uende nao, maana siyo kila karani anaijua orodha hiyo yote.

Isipotajwa, mzungumzie mwajiri kuhusu huduma ya haraka. Kwa H-1B USCIS inajifunga kuchukua hatua ndani ya siku 15 za kazi, na inaweza kuombwa hata kama faili limeshapelekwa zamani. Na kwa anayesoma hapa mapema, ombi la kuongeza muda linaruhusiwa hadi miezi sita kabla ya tarehe kwisha. Mwajiri anayesubiri wiki ya mwisho ndiye anayekuacha bila leseni.

Wenye ombi la ukaazi wa kudumu, I-485, wao wamo ndani ya sheria ya REAL ID yenyewe kama kundi linalostahili leseni ya muda, kwa hiyo barua yao ya kupokelewa ombi ina nguvu zaidi.

Pia kumbukeni yapo majimbo yanayotoa leseni ya kawaida bila kuuliza hadhi ya uhamiaji kabisa. California tangu 2015, New York tangu Desemba 2019, Massachusetts tangu Julai 2023, Minnesota tangu Oktoba 2023, na mengine. Aliyekwama na ombi lisilojibiwa katika majimbo hayo asibaki anasubiri REAL ID, achukue ya kawaida aendelee na maisha.

---

Bi Makaratasi

Majina sasa. Pasipoti zetu zina sehemu ya jina la ukoo na sehemu ya majina uliyopewa. Mtu wa majina matatu, la pili linahamahama. Chukulia Asha Juma Mwinyi. I-94 inasoma jina la kwanza ASHA JUMA, ukoo MWINYI. Hifadhi ya jamii wameandika Asha la kwanza, Juma la kati. Leseni ya zamani ina Asha Mwinyi peke yake. Mtu ni mmoja, rekodi ni tatu.

DMV inathibitisha SSN kwa kulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba na rekodi za hifadhi ya jamii, mbali na SAVE. Kwa hiyo unaweza kupita SAVE ukakwama kwenye SSN. Rekebisha kuanzia juu kushuka: pasipoti ndiyo msingi, I-94 ifanane nayo, hifadhi ya jamii ifanane na hizo mbili, DMV mwisho. Ukianza na DMV utairudia kazi.

Pasipoti yenye jina moja tu inaingizwa Marekani kwa FNU (First Name Unknown, jina la kwanza halijulikani) mahali pa jina la kwanza, na utaikuta FNU kwenye viza, kwenye I-94 na hata kwenye leseni. Usiipinge dirishani, mfumo hautakupata bila hiyo. Dawa ni kubadilisha pasipoti.

Na tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, wao mwezi kwanza. Aliyezaliwa tarehe 3 Julai akijaza 03/07 amejiandika wa tarehe 7 Machi. Siku zikizidi 12 mfumo unakataa na unagundua. Zikiwa chini ya 13 kosa linapita kimya mpaka SAVE inaporudisha majibu ya kukukana. Andika 07/03, kisha uisome tena kwenye skrini kabla ya kutia sahihi.

---

Usukani Mmoja

Wakuu, kuna swali moja kwenye fomu ya leseni ambalo ni hatari kuliko yote tuliyoyataja. Naomba kila mtu alisome hili hata kama mengine ameruka.

Sheria ya mwaka 1993 ya kuandikisha wapiga kura inazitaka ofisi za leseni katika majimbo mengi zimuulize kila mwombaji kama anataka kuandikishwa. Swali linakuja katikati ya mengine: unataka kuchangia viungo, macho yako yanahitaji miwani, wewe ni raia wa Marekani, unataka kuandikishwa kupiga kura. Mtu amechoka na foleni, anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Kwa asiye raia, kudai uraia kwa uongo ni sababu ya kuzuiwa kuingia au kupata ukaazi maisha yote, na ni sababu ya kufukuzwa nchini. Msamaha wake ni finyu mno. Fomu ya ukaazi inauliza, fomu ya uraia inauliza, na rekodi ya mpiga kura inapatikana kwa urahisi. "Sikuelewa swali" si ngao ya kuitegemea.

Kwa hiyo jibu HAPANA kwenye uraia na HAPANA kwenye kupiga kura, kwa mkono wako mwenyewe. Karani akikujazia, mwombe akugeuzie skrini usome kabla ya sahihi. Kwenye majimbo yenye kuandikisha kiotomatiki angalia vizuri zaidi, maana kutojibu huko kunaweza kuhesabiwa kukubali. California mwaka 2018 mfumo mpya uliandikisha watu wasiostahili, wakiwemo wasio raia, kwa makosa ya ofisi. Baada ya kumaliza omba kopi ya ulichosaini uitunze.

Ukipata barua au kadi ya mpiga kura nyumbani, usipige kura hata mara moja. Andika kwa ofisi ya uchaguzi ya kaunti kuomba jina lifutwe ukieleza wewe si raia, tunza nakala, na umwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu nyingine yoyote.

Kwa wanaume wa miaka 18 hadi 25, fomu inaweza kugusia pia usajili wa jeshi. Mwenye viza halali ya muda hatakiwi kujisajili. Majimbo mengi yanasajili kwa kupitia fomu ya leseni, kwa hiyo mweleze karani hadhi yako.

---

Nahodha TX

Hilo la juu libandikwe mwanzoni mwa uzi.

Sasa SAVE ikikwama. Karani atakuambia "inasubiri uthibitisho" na kukuruhusu uondoke. Usiondoke mikono mitupu. Omba namba ya kesi ya uthibitisho. Kwa namba hiyo, au kwa tarehe ya kuzaliwa na namba ya I-94, unafuatilia mwenyewe kwenye ukurasa wa CaseCheck wa USCIS. Muhimu zaidi, utaona jibu limerudi lini, maana ofisi nyingi hazikupigii simu. Jibu likishaonekana limerudishwa, rudi dirishani na nyaraka zilezile.

CaseCheck ikionyesha ofisi inatakiwa kuomba uthibitisho wa ziada, mpira uko kwa DMV, si USCIS. Karani hajabonyeza hatua ya pili au hajapakia kopi za nyaraka zako. Mwonyeshe skrini, mwombe aendelee. Wapo wanaosubiri mwezi mzima kwa jambo ambalo halijaanza.

Rekodi yenyewe ikiwa na kosa, anayerekebisha ni aliyekosea. I-94 ya mpakani ni CBP. I-94 ya kwenye I-797A ni USCIS, kuna ombi la mtandaoni la kosa la uchapaji. Tarehe za I-20 ni chuo.

---

Mkaa Foleni

Wakati wa kusubiri mtu anaendeshaje? Leseni ya kimataifa inasaidia?

---

Shangazi wa Dirishani

Leseni ikiisha, usiendeshe. Ukisimamishwa ni faini, na ukipata ajali bima inaweza kukusumbua. Omba ofisi ikupe kibali cha muda cha karatasi wakati SAVE inasubiri. Majimbo kadhaa yanatoa, lakini wengi hawaombi kwa kuwa hawajui.

Kibali cha kimataifa hakiokoi. Ni tafsiri ya leseni ya nchi yako, kinatolewa na nchi iliyotoa leseni hiyo, na peke yake hakina nguvu. Zaidi ya hapo, leseni ya kwenu ni ya kipindi cha mwanzo tu: Texas siku 90 tangu kuhamia, California siku 10 tangu kuwa mkazi. Aliyekwisha kuwa na leseni ya jimbo hawezi kurudi kwenye hiyo.

Usiiache iliyoisha ikae muda mrefu pia. Texas ikipita miaka miwili unaanza upya kama mwombaji mpya, mtihani wa maandishi na wa barabarani.

---

Mwanafunzi wa Kudumu

Kuhusu wategemezi, kwa ufupi. H-4, L-2 na F-2 wana I-94 zao, na leseni ya kila mmoja inafuata yake. Mwenye H-1B akiongezewa muda haimaanishi H-4 ameongezewa. Ni ombi tofauti, I-539, na mara nyingi linachelewa. Kagueni tarehe za kila mtu nyumbani, siyo za mmoja.

---

Bi Makaratasi

Nimalizie na anwani, kwa wanaohama. Ukihama nyumba, una siku 10 za kuijulisha serikali: fomu AR-11 mtandaoni, na wanafunzi wanapitia chuoni. DMV nayo ina muda wake, California siku 10, Texas siku 30.

Kadi haitolewi dirishani katika majimbo mengi. Unaondoka na karatasi, kadi inachapwa kwingine na kutumwa kwa posta, na posta mara nyingi hairuhusiwi kuipeleka anwani mpya hata kama umeacha maelekezo. Inarudi ilikotoka. Anayehama ndani ya wiki chache zijazo aweke anwani ya barua ambayo atakuwa anaifikia, fomu nyingi zina nafasi ya hiyo chini ya anwani ya makazi. Jina lako liwe kwenye kisanduku cha barua, hasa kwa wanaopanga chumba kwa mtu. Na kadi ikifika, soma tarehe ya mwisho siku hiyohiyo uilinganishe na I-94. Ikiwa fupi kuliko inavyostahili, rudi na I-94 kabla karatasi ya muda haijaisha. Kosa likiwa la ofisi, waombe wairekebishe bila ada.